Maji ya Rangi Yamwagwe Wapi?



Barua ya wiki hii imetoka mbali na bahari. Aliyeiandika ni binti wa Mombasa aliyeolewa Illasit, ule mji wa mpakani katika kaunti ya Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambapo ukivuka mpaka tu uko Tarakea, nchi ya Tanzania. Yeye na wenzake wanane wana chama chao cha kuweka akiba, na sasa wameazimia kuifanyia akiba hiyo kazi. Wanataka kutia nguo rangi: mitandio, madera na mashuka ya kitanda ya batiki, wauze katika masoko ya Illasit, Loitokitok na Kimana, na nyingine wazipakie katika magari ya Taveta na Voi zishuke huku kwetu. Ufundi wamejifunza kwa mama mmoja wa Kitengela. Jaribio la kwanza lilipokwisha, nguo zilipendeza, lakini nyuma ya nyumba yalibaki mapipa mawili ya maji meusi. Mmoja wao akashauri yamiminwe katika mfereji upitao hapo, kwa hoja kwamba rangi si najisi. Mwingine akakataa, kwa sababu huko chini watu huteka maji katika mfereji huohuo, mbuzi hunywa, na nyanya humwagiliwa. Wamebishana wiki mbili, na mapipa yangalipo. Dada yetu anauliza ni nani mwenye haki, na kama mwenye haki ni huyo wa pili, je, kazi yenyewe waiache?

Mama wa kwanza hakukosea hukumu. Alikosea mahali pa kuitumia. Sote tuliosoma chuoni tunaukumbuka mlango wa maji, ambao vitabu vya fiqhi huutanguliza kabla ya udhu wenyewe. Maji yaliyobaki na sifa zake tatu, yaani rangi, tamu na harufu, yakaitwa maji bila ya kuongezwa neno jingine, hayo ndiyo mutlaki: ni tohara nayo hutoharisha. Yakichanganyika na kitu kilicho tohara, kama zafarani, hata yakageuka sana na jina la maji matupu likayaondoka, hubaki tohara yenyewe lakini hayatoharishi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi hayafai kwa udhu wala kwa josho. Najisi ni mlango mwingine kabisa. Kwa hiyo mama huyo akirukiwa na tone la maji ya rangi katika buibui lake, swala yake ni salama.

Lakini kutokuwa najisi si sawa na kutokuwa na madhara. Mafuta ya taa si najisi, wala dawa ya kunyunyizia nyanya, na hakuna mwenye akili anayeyamimina kisimani. Suala la mfereji halimo katika mlango wa najisi, limo katika mlango wa haki za jirani na wa kutodhuru wala kudhuriana. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na pale Illasit mawili ya mwanzo yamekutana mahali pamoja: maji ya mfereji na malisho ya ng'ombe wa Kimaasai. Tena, mfereji ukigeuka rangi, yule wa chini aliyekuja na ndoo yake kuteka maji ya udhu amenyang'anywa maji mutlaki na mtu asiyemwona. Naona hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi, hata kabla hatujaingia katika habari za sumu.

Na sasa tuziingie. Rangi za batiki zinazouzwa kwa kipimo katika maduka yetu aghalabu ni za aina mbili. Ya kwanza haiyeyuki katika maji matupu. Huyeyushwa kwa kostiki soda pamoja na unga mweupe ambao mafundi huuita haidrosi. Aliyewahi kuitazama kazi hii anajua ajabu yake: kitambaa kilichokusudiwa kuwa buluu hutoka pipani kikiwa na kijani kibichi, kisha hewa ikikigusa buluu hurejea mbele ya macho yako. Aina ya pili huyeyuka kwa wepesi, na hushikana na uzi wa pamba kwa msaada wa chumvi nyingi na magadi. Magadi hayo, kwa bahati, ni mali ya Kajiado hiyohiyo. Kampuni ya kuchimba soda ya Ziwa Magadi iliundwa tangu mwaka 1911.

Hakuna rangi inayonasa yote katika kitambaa. Katika aina ya pili, sehemu inayobaki majini yaweza kuwa moja katika kumi, na fundi akikosa kipimo yaweza kufika hata nusu. Fedha ya chama inamwagwa pamoja na maji hayo, jambo ambalo wafanyabiashara wapya hawalitii hesabuni.

Macho yetu huiona rangi yakadhani ndiyo tatizo lote. Rangi ni mpiga mbiu tu. Wenye kuja ni wengine. Kostiki hupandisha ukali wa maji kupita 11 katika kile kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ndiyo katikati yake. Maji ya namna hiyo huchoma ngozi na kuua viumbe vidogo vya mtoni. Haidrosi iliyobaki huinyonya hewa iliyomo majini, hewa ileile wanayoivuta samaki. Weusi wenyewe huzuia mwanga wa jua usifike chini, na mimea ya majini hudhoofika. Kisha ziko rangi za jamii ya azo, ambazo baadhi yake zikivunjika hutoa kemikali zinazosababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2002 rangi zinazoweza kutoa kemikali 22 za namna hiyo zisitumike katika nguo zinazogusa mwili. Na mwisho iko chumvi, ambayo haionekani, hainuki, na wala haitoki kwa dawa yoyote nyepesi. Kwa mkulima wa vitunguu hii ya mwisho naiona mbaya kuliko zote, maana rangi hupauka juani lakini chumvi hukaa shambani mpaka udongo ukakataa kuotesha.

Illasit si mahali pa kubahatisha na mambo haya. Mvua inayonyesha katika msitu wa Kilimanjaro huzama katika mawe ya volkano yenye vitundu, ikaibuka chini kwa chemchemi, na chemchemi hizo ndizo uhai wa nchi yote ile kavu. Mashamba ya nyanya, mahindi na vitunguu ya Rombo na Kimana yanaishi kwa mifereji yake. Upande wa Loitokitok, mwendo mfupi kutoka Illasit, iko chemchemi ya Nolturesh, ambayo bomba lake huteremka nyikani mpaka Kajiado, Machakos na Athi River. Mawe yanayopitisha maji safi kwa wepesi hupitisha na machafu kwa wepesi uleule. Kwa hiyo wazo la kuchimba shimo na kuyaacha maji ya rangi yazame ardhini, ambalo dada yetu amelitaja kama suluhisho la kati, silikubali. Shimo huondoa aibu, haliondoi madhara.

Na sisi wa Pwani tusidhani tunasoma habari za watu wa mbali. Mto Athi upitao kando ya Kitengela na viwanda vya Athi River hauishii huko. Huteremka Ukambani, ukakutana na Mto Tsavo, ukaitwa Galana, na kwetu ukifika tunauita Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Katika mchanga wa kingo zake, huko Baricho, vimechimbwa visima vinavyotoa maji ya Malindi, ya Kilifi na sehemu ya maji ya Mombasa. Katika bara hilo, kila linalomwagwa mtoni lina njia ya kuteremkia kwetu.

Hapa lazima nitoe haki kwa viwanda vya nguo vya Athi River. Sehemu kubwa ya kitambaa kinachoshonwa katika eneo lile la kuzalisha bidhaa za kuuza nje, lililotokana na sheria ya mwaka 1990, huja kutoka Asia kikiwa kimekwisha kutiwa rangi. Kazi ya huku ni kukata na kushona. Maji yake ya rangi yalimwagwa kwingine, kwa watu wengine. Hii ndiyo hila kubwa ya biashara ya mavazi duniani: nguo huja kwetu, mto wake mchafu hubaki nyuma.

Mfano ulio karibu zaidi umo masandukuni mwetu. Leso nyingi tunazofunga leo hupigwa chapa India, na mji unaotajika kwa kazi hiyo ni Jetpur, jimbo la Gujarat, ambako viwanda vya sari na vya leso na vitenge vya Afrika viko mia kwa mia. Mto wa hapo huitwa Bhadar, na kwa miaka mingi umekuwa ukitajwa India kama mto uliobebeshwa rangi za watu. Serikali ikapanga bomba la kuyachukua maji hayo baada ya kusafishwa na kuyapeleka baharini karibu na Porbandar, na wavuvi wa huko wakapinga, wakisema bahari yao si shimo la kiwanda. Bahari hiyo ni ileile ambayo majahazi ya babu zetu yaliivuka kwa msimu wa kaskazi. Sisemi tuache kuvaa leso. Nimeivaa tangu nikiwa mtoto na nitaivaa inshallah. Nasema bei tuliyolipa dukani haikuwa bei yote.

India hiyohiyo inatuonyesha pia kwamba mambo hubadilika wenye mto wanaposimama. Katika mji wa Tiruppur, kusini, wakulima wa Mto Noyyal waliona mashamba yao yakiharibika kwa chumvi na rangi za viwanda vya fulana, wakaenda mahakamani. Mwezi wa Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya rangi vya huko, mamia kwa idadi, vifungwe mpaka visiwe vinatoa hata tone la maji machafu. Vilivyofunguliwa tena vilijiunga kujenga mitambo ya pamoja: maji huchujwa kwa utando mwembamba sana chini ya shinikizo kubwa, yakarudi kiwandani kutumika upya, na yale mazito yaliyobaki huchemshwa mpaka chumvi ikabaki kavu, nayo ikatumika tena katika kutia rangi. Afrika Mashariki mtambo wa namna hiyo uliwekwa Hawassa, Ethiopia, katika bustani ya viwanda iliyozinduliwa mwaka 2016, kwa kulihurumia ziwa la mji huo. Ni kazi nzuri, lakini ni kazi ya moto na umeme mwingi, na akina mama tisa wa Illasit hawaihitaji. Wao wana kitu ambacho Tiruppur haina: maji yao ni kidogo. Kiwanda hutumia mamia ya lita kwa kilo chache za kitambaa. Wao wana mapipa mawili kwa wiki, na kwa mapipa mawili jua la Kajiado linatosha.

Basi, dada yangu, kazi msiiache. Ipangeni kuanzia mwisho wake, yaani kutoka pale maji yatakapokwenda, kabla ya kununua kijiko kingine cha rangi.

Anzeni na kupunguza. Pimeni rangi kwa mizani ndogo ya jikoni badala ya kukisia kwa kijiko. Chovyeni nguo za rangi hafifu kwanza, kisha nzito katika pipa lilelile, mpaka maji yachoke. Pipa moja linaweza kubeba duru tatu nne. Maji ya suuza ya mwisho, ambayo ni meupe kiasi, ndiyo ya kulowekea kitambaa kipya kesho yake kutoa gundi ya kiwandani. Tofauti mtaiona wenyewe katika idadi ya madebe mnayoteka.

Katika kuchagua, ningeshika ile aina ya kwanza, ya kostiki na haidrosi, ijapokuwa ni kali zaidi mikononi na yataka glavu ndefu na watoto kukaa mbali. Sababu ni kwamba rangi yake, ikishapata hewa, hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka, na chembe hutuama. Ile ya chumvi na magadi ni rahisi kwa fundi na ngumu kwa mfereji. Iko pia ya tatu, ya bei nafuu, iitwayo rangi ya salfa, inayoyeyushwa kwa sodiamu salfaidi. Hiyo msiiguse. Ikikutana na kitu kikali kama siki au ndimu hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo huua.

Kisha mapipa. Maji yaliyokwisha kazi yaachwe wazi nje ya nyumba siku nzima au mbili, yakikorogwa kwa mti kila mpitapo, ili hewa iimalize haidrosi na kuirudisha rangi katika chembe zake. Msikimbilie kutia siki siku ya kwanza, kwa kuwa haidrosi iliyo hai ikipata siki hutoa moshi unaokaba kifua. Baada ya hapo ndipo mtie siki kidogo kidogo, mahali penye upepo, huku mkipima kwa vile vikaratasi vinavyogeuka rangi, mpaka mfike karibu na 7. Hapo sasa tieni shabu. Nadhani hakuna nyumba ya Pwani isiyoijua shabu. Bibi zetu waliizungusha katika mtungi wa maji ya mvua ili tope litue. Kazi yake hapa ni hiyohiyo: huzikusanya chembe ndogo zikawa mabonge, mabonge yakazama. Lakini shabu haifanyi kazi katika maji ya kostiki, huyeyuka ikapotea; ndiyo maana siki hutangulia. Wengi hukosea mpangilio huu, wakasema shabu ni ya uongo.

Asubuhi yake maji ya juu yatakuwa yamepungua rangi sana, na chini patakuwa na tope. Tope hilo ndilo rangi yenyewe. Likaushwe juu ya karatasi ya nailoni, litiwe katika mfuko, lihifadhiwe pakavu; lisitiwe shambani hata kidogo, ijapokuwa linafanana na udongo mzuri mweusi.

Maji ya juu yana hatua moja iliyobaki, na hapa nina habari ya kufurahisha. Mtafiti mmoja wa Dar es Salaam alichapisha mwaka 2005 matokeo ya kuyapitisha maji yenye rangi za nguo katika vitanda vya kokoto vilivyopandwa mimea. Kitanda kimoja kilikuwa na yale matete ya kinamasi yenye kichwa cha kahawia kama mshikaki, na kingine kilikuwa na majimbi. Ndiyo, majimbi, haya tunayoyatia tui mwezi wa Ramadhani. Vitanda vyenye mimea viliondoa kiasi cha robo tatu ya rangi, na kile cha kokoto tupu kiliondoa kidogo tu. Mizizi huwapa makao vijidudu visivyoonekana, navyo ndivyo vinavyoila na kuivunja rangi. Kitanda cha namna hiyo si mtambo: ni shimo la kimo cha goti na zaidi, lililotandikwa ile karatasi nzito ya plastiki ambayo wakulima hutandika katika mabwawa ya kuvunia mvua, likajazwa kokoto, na maji yakaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili polepole, kwa siku kadhaa, yakipita chini ya uso wa kokoto ili mbu wasizae. Majimbi yatakayoota humo yasipikwe, wala majani yake asipewe mbuzi. Naomba mliandike hilo kwa herufi kubwa katika kibao, maana njaa na wageni hawaulizi.

Bado chumvi. Si shabu wala majimbi yatakayoitoa, na salfeti inayotokana na haidrosi hutoka kwa sehemu tu. Kwa hiyo hata maji yaliyopita kitandani na yakaonekana kama ya bomba, nisingeyarudisha katika mfereji wa vitunguu. Yale ya mwanzo ya kila duru rudisheni kazini. Yanayozidi yaelekezeni katika bwawa la kina kifupi, lililotandikwa plastiki, jua liyanywe. Tuseme bwawa lina mita 3 kwa 4, na kwa siku ya jua na upepo uso wake hupungua milimita 5. Hizo ni lita 60 kwa siku, kiasi kinachotosha kwa kazi ya mapipa mawili kwa wiki na kubaki nafasi. Msimu wa masika lifunikeni, na kazi ya kutia rangi ipungueni. Wakati huo shoneni mlizozitia rangi kiangazi. Lizungushieni miiba, kwa sababu ng'ombe huijia chumvi kutoka mbali.

Kuna watakaoniuliza habari za rangi za asili. Wanawake wa Pwani walitia rangi ukili kwa mdaa na manjano kabla ya duka la kemikali kufunguliwa, na visiwa vya Kirimba, huko kaskazini ya Msumbiji, vilisifika karne ya 16 kwa kitambaa chao cha nili kiitwacho milwani. Rangi za maabara zina umri mfupi. Ya kwanza iliyopata soko aliivumbua kijana wa London, William Henry Perkin, mwaka 1856. Kwa mikeka na mikoba naipenda sana rangi ya mizizi na magome. Ila mtu asidanganyike kwa neno asili: magome hutaka dawa ya kushikisha, na baadhi ya dawa hizo ni chumvi za shaba au kromu, zenye sumu kuliko rangi yoyote niliyoitaja. Mti nao ukichunwa gome kuuzungukia hufa. Mkitaka njia hiyo, shabu ndiyo iwe dawa yenu ya kushikisha, na maji yake yapite njia ileile ya bwawa.

Na kwa akina dada wa nyumbani, kwa kuwa suala hili huletwa kwangu kila mara: kuloweka leso mpya katika maji ya chumvi hakuizuii kuchuja. Rangi isiyonasa kiwandani haitanaswa na chumvi ya jikoni. Ifueni peke yake mara ya kwanza kwa maji kidogo, na maji hayo msiyamwage karibu na kisima.

Upande wa serikali, chama chenu kitahitaji kufika ofisi ya NEMA ya kaunti. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilimtaka anayetoa maji ya kazi kuingia katika mazingira awe na leseni, na ziliweka mipaka: pH iwe kati ya 6.5 na 8.5, na rangi isizidi 15 kwa kipimo kiitwacho Hazen. Msitishwe na jina hilo. Kumi na tano ni karibu na pale ambapo mtu wa kawaida akiyatazama maji katika glasi huanza kugundua kuwa yana rangi. Kwa maneno mengine, sheria iliichukua sifa ya kwanza katika zile tatu za chuoni ikaipa nambari. Kazi isiyomwaga chochote nje ya bwawa lake ina maelezo mepesi mbele ya afisa, na mbele ya majirani ina maelezo mepesi zaidi.

Nao majirani waendeeni kwanza. Mifereji ya nchi ile ina wazee na zamu zake, na mtu mgeni wa mji, tena wa Pwani, akianza kazi ya mapipa bila kubisha hodi, siku nyanya zitakapoungua kwa ugonjwa wowote ataambiwa ni rangi zake. Chukueni chupa mbili za kioo, moja ya maji ya pipa na moja ya maji yaliyotoka kitandani, mkae na wazee wa mfereji na wale akina mama watekao huko chini, muwaonyeshe bwawa liko wapi na muwape ruhusa ya kuja kulitazama siku yoyote bila taarifa. Yale mapipa mawili yaliyopo sasa, yaliyolala wiki mbili, haidrosi yake imekwisha kufa; yako tayari kwa siki na shabu Jumamosi hii.

Wiki ijayo, inshallah, nitajibu barua ya mama wa Kisauni kuhusu mirathi ya nyumba yenye wapangaji. Wassalaam.